Barua ya fildi iliyoyeyuka

Wadau, mwenzenu nimerudi. Wiki mbili sijaandika kitu hapa. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira heri akae mbali na kibodi.

Kisa chenyewe ni hiki. Niliomba fildi kwenye ofisi moja kule kwetu Mbinga, upande wa Ngaka kwenye makaa ya mawe. Nyumbani ni Ntunduwaro, kwa hiyo ningelala kwa mama na kula bure. Nikatumia anwani ya barua pepe ya chuo, si tunaambiwa ndiyo yenye heshima? Wiki sita kimya. Nilipopiga simu, dada wa ofisini akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, tulikuandikia mara mbili. Hukujibu, nafasi tumempa mwingine."

Nikapekua kikasha, nikapekua na folda ya taka. Hola. Mama nilipomweleza aliuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, barua imepoteaje na hakuna tarishi?"

Nikaenda kitengo cha TEHAMA cha chuo. Kaka mmoja pale akanifafanulia. Siku hizi mtambo unaopokea barua huangalia kama kampuni iliyotuma imetangaza ni mashine zipi zina ruhusa ya kubeba barua kwa jina lake (hiyo ndiyo SPF), na kama barua ina muhuri wake (hiyo DKIM). Ni kama ile barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji: bila muhuri huna lako. Tangu Februari 2024 hata Gmail inamtaka kila anayetuma awe na angalau kimojawapo, na wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku wawe navyo vyote. Ile ofisi ya kwetu haikuwa na hata kimoja. Mtambo wa chuo ukapokea barua zangu, ukazifuta, basi. Mtumaji hakuambiwa, nami sikuambiwa.

Sasa bahati, au sijui niseme kejeli: chuo kimetoa rasimu ya taratibu za kuendesha barua pepe na kinaomba maoni hadi Ijumaa. Kurasa sita, Kiingereza kitupu. Nimezisoma zote usiku na chai ya tangawizi. Kipengele kimoja kinasema barua zenye shaka zitafutwa bila taarifa. Yaani kilichonipata mimi kinataka kuwa sheria!

Nimeanza kuandika maoni. Kaka wa TEHAMA ana hoja, siwezi kumbeza: ukimrudishia taarifa kila mtumaji wa takataka, matapeli hughushi anwani za watu, kwa hiyo taarifa inamwangukia asiyehusika. Kweli. Lakini dawa ipo: mkatae mgeni getini. Mtambo ukiikataa barua wakati mashine ya mtumaji bado iko kwenye mazungumzo nao, ile mashine yenyewe ndiyo itamwambia mwenye barua kwamba haikupokelewa. Yule dada angejua siku ileile, angenipigia. RFC 5321 ya 2008, kiwango chenyewe cha kusafirisha barua pepe, inasema ukishapokea barua umebeba jukumu la kuifikisha au kutoa taarifa kwamba imeshindikana. Kuitupa kimyakimya ni kwa ile ambayo una uhakika mkubwa kuwa ni ya hatari.

Halafu kuna anwani ya "postmaster", ya kupelekea malalamiko ya barua. RFC 2142 ya 1997 inaitaja, pamoja na "abuse" ya kuripoti uchafu. Niliandikia ya chuo, ikarudi: anwani haipo. Nacheka nini sasa.

Na hizo RFC, jina lake maana yake ni ombi la maoni. Ya kwanza ilitoka Aprili 1969, na mpaka leo yeyote anaweza kuchangia bila kulipa kiingilio. Sisi tumeombwa maoni na chuo chetu wenyewe, na juzi kaka aliniambia yamefika mawili tu.

Kwa hiyo jamani, nani mwingine barua yake imeyeyuka? Ya mkopo, ya fildi, ya usaili? Nataka visa vya kweli, na tarehe. Alhamisi saa kumi nitakuwa kantini, meza ya karibu na jiko, na karatasi ya sahihi. Njoo hata kama huna kisa, rasimu nitakutafsiria. Chai utajilipia, mwenzenu sasa natafuta fildi upya.