Matundu ya Filimbi

Sisi wapigaji wa bendi ya tarumbeta ya usharika wetu hapa Daraja Mbili tulikuwa na ugonjwa mmoja: tulijua. Tulipiga kwa sikio miaka mingi, harusini na misibani, na watu wakatusifu. Basi alipokuja binti mmoja kutufundisha kusoma nota, tulinuna. Tuligoma kwenda mazoezini miezi miwili. Msiba mmoja ukapita bila tarumbeta, na mjane akatuuliza amemkosea nani. Hatukuwa na jibu.

Ni binti huyohuyo aliyetusimulia habari za Theobald Boehm. Alizaliwa Munich, Ujerumani, mwaka 1794, mtoto wa sonara, naye akawa sonara. Filimbi aliijua hata akaingia okestra ya mfalme wa Bavaria, akatunga muziki wake, akapata sifa Ulaya. Mwaka 1831 akiwa London alimsikia Charles Nicholson akipiga filimbi yenye matundu makubwa, sauti yake imejaa. Boehm akatambua kwamba sauti ile yeye hana.

Angeweza kununa kama sisi. Badala yake, mwaka 1832 alitoa filimbi mpya. Zamani matundu yalitobolewa pale vidole vinapofika. Yeye aliyaweka pale sauti inapotaka, kisha akatengeneza vibonyezo vya kuvisaidia vidole. Gharama yake ilikuwa kubwa: vidole vilivyomletea sifa vilipaswa kujifunza upya. Bingwa wa miaka 38 akarudi kuwa mwanafunzi. Mwaka 1847 aliibadilisha tena filimbi yake, na hadi leo filimbi za okestra zinafuata kazi hiyo. Alifariki mwaka 1881.

Tukamkumbuka Nikodemo, mwalimu aliyekwenda usiku kuuliza. Tukaona kwamba siku zote tumemtaka Mungu atoboe matundu pale vidole vyetu vinapofika.

Jumamosi iliyofuata, mzee wetu wa besi alikuja na miwani na daftari, akakaa benchi la mbele.

“Shikamoo, babu,” binti akasema.

“Marahaba, mwanangu. Haya, nianzishie mwanzo kabisa.”

Tukaingia mmoja mmoja, kimya. Bado tunakosea sana. Lakini tulikwenda kwa yule mjane, tukamwomba radhi, tukampigia uani kwake wimbo mmoja, ule pekee tuliokwisha kuweza kuusoma. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akatuletea chai.