Hermann, Mji wa Wajerumani Kando ya Mto Missouri

Mkiitazama ramani ya Marekani mtauona mto mkubwa uitwao Missouri, unaoteremka kutoka milima ya magharibi na kwenda kuungana na Mississippi karibu na Saint Louis. Mkiufuata mto huo kwa kurudi juu, yapata kilometri 130 kutoka Saint Louis, mtakuta kwenye ukingo wake wa kusini mji mdogo uitwao Hermann. Watu wake ni 2,000 na kidogo tu. Lakini kila mwaka, katikati ya mwezi wa Mei, barabara zake hujaa wageni wanaokuja kwa sikukuu ya majira ya kuchipua, ambayo wenyeji huiita kwa Kijerumani Maifest, yaani sikukuu ya Mei.

Mimi na mke wangu tulizaliwa Bukavu, na sasa ni miaka mingi tunakaa Saint Louis. Watoto wetu wameoa na kuolewa huko huko. Mwaka huu tukaazimu kwenda kuiona sikukuu hiyo, na kwenda kwa namna wanavyokwenda wazee wa Marekani waliokwisha kustaafu: katika motokari iliyo nyumba. Tuliikodi kwa siku nne. Ndani yake mna kitanda, jiko la gesi, meza, sanduku la barafu, pipa la maji safi na jingine la maji machafu, hata choo. Mke wangu alipoiona mara ya kwanza aliizunguka mara mbili, akafungua kila kabati, kisha akasema, « Baba, hii ni nyumba iliyokataa kukaa mahali pamoja. » Lakini inakunywa mafuta kama ng'ombe mwenye kiu, na penye upepo mkali hutikisika hata dereva akaomba msaada wa malaika wake mlinzi.

Njia hupita katika mji uitwao Washington, si ule wa Rais bali mdogo wa jina lile lile, ambapo tangu mwaka 1869 hutengenezwa viko vya tumbako kwa magunzi ya mahindi. Baada ya hapo barabara huwa nyembamba, ikipanda na kushuka vilimani, mara mto unaonekana, mara unajificha nyuma ya miti. Majani yalikuwa mabichi mno, ya rangi ile ya mchipuko ambayo haidumu hata mwezi. Kisha mizabibu ikaanza kuonekana, mistari kwa mistari juu ya miteremko.

Sasa niwaeleze jinsi Wajerumani walivyofika huko. Mtu mmoja jina lake Gottfried Duden alikaa Missouri kati ya mwaka 1824 na 1827, akarudi Ujerumani, na mwaka 1829 akatoa kitabu cha kuisifu nchi ile. Alisifu udongo, mito, na uhuru wa mtu asiye na bwana juu yake. Maelfu walimsoma, na wengi wakafunga mizigo. Duden alikuwa na fedha za kuajiri watu wa kumfyekea msitu. Wengi waliomfuata hawakuwa nazo, na baadhi yao walimlaani walipoziona kazi zenyewe. Hata hivyo walikaa.

Wengine walikuwa wamekwisha kukaa Philadelphia, mji mkubwa wa mashariki. Waliona huzuni kuwa watoto wao wanageuka Waingereza kwa ulimi na kwa desturi. Kwa hiyo mwaka 1836 wakaunda chama, wakakusanya fedha ili wanunue nchi mbali, ambako watajenga mji wa Kijerumani kwa kila jambo. Wakamtuma mwalimu wa shule, George Bayer, naye mwaka 1837 akanunua zaidi ya eka 11,000 kando ya Missouri. Mji ukapewa jina la Hermann, yule shujaa aliyeyashinda majeshi ya Roma msituni mwaka 9 baada ya Kristu. Barabara zake zikaitwa Goethe, Schiller, Mozart, Gutenberg. Wakuu wa chama waliichora ramani ya mji wakiwa Philadelphia, wala hawakuviona vilima. Ikawa viwanja vingine viko juu ya magenge ambako hata mbuzi angesitasita. Lakini barabara ya soko waliitaka iwe pana kuliko ile ya Philadelphia, na kweli ikawa hivyo, nayo mpaka leo ni pana.

Watu 17 wa kwanza walifika Desemba 1837 kwa merikebu ya moshi, baridi ikiwa imeanza, wala mwalimu Bayer hakuwa nao, maana alikuwa ameugua njiani. Hapakuwa na nyumba zilizowangoja. Masika yalipofika naye akafika, wakamtupia lawama zote, wakamwondoa kazini. Alikufa mwaka 1839. Nadhani watu wengi wa safari kama ile humtafuta mmoja wa kubeba makosa ya ramani.

Ngano na mahindi havikufaa sana kwenye miteremko ile, zabibu zilifaa. Halmashauri ya mji ikauza viwanja vitupu kwa mkopo usio na riba, kwa sharti vipandwe mizabibu. Kiwanda cha divai kilichoanzishwa mwaka 1847 juu ya kilima, kiitwacho Stone Hill, kilikua hata mwisho wa karne ile kikatengeneza zaidi ya galoni milioni moja kwa mwaka. Na wakati mdudu mdogo aitwaye filoksera alipoiharibu mizabibu ya Ufaransa, wakulima wa Missouri walipeleka huko mashina ya Kimarekani ambayo mdudu yule hakuyaweza, na mizabibu ya Ulaya ikapandikizwa juu yake. Katika watu wa kazi hiyo alikuwamo George Husmann, aliyekulia Hermann. Padri wa Kifaransa anayemimina divai ya nchi yake katika kalisi, mara nyingi anamimina tunda la mzabibu wa Ulaya lenye mizizi ya Amerika.

Tulifika Ijumaa jioni. Katika bustani ya mji kuna mahali palipotengwa kwa ajili ya motokari-nyumba. Unaunganisha waya wa umeme na mpira wa maji, na hapo umekwisha kuhamia. Majirani zetu, mume na mke wenye mvi kutoka Iowa, walituletea kahawa kabla hatujashusha viti. Hiyo ndiyo adabu ya watu wa magurudumu: hawaulizani jina kwanza, huulizana unatoka wapi na unakwenda wapi.

Jumamosi asubuhi tuliamshwa na matarumbeta. Wazee wa bendi walivaa kaptula za ngozi na kofia zenye unyoya, wanawake walivaa nguo pana zenye aproni. Palikuwa na soseji za kila namna, kabichi iliyochachushwa, na maandazi yaliyojaa matofaa. Mke wangu aliila kabichi ile mara moja tu, kwa heshima. Divai na bia zilikuwapo pia, na ilipofika alasiri tuliona vijana kadhaa waliokuja kwa ajili ya chupa tu, ambao hawakuona sikukuu wala mji. Watu wa namna hiyo wako kila nchi.

Lakini jambo lililotugusa lilikuwa watoto. Wakaja kwa maandamano, kisha wakauzunguka mti mrefu uliofungwa tepe za rangi nyingi. Kila mmoja alishika utepe wake. Nusu wakaenda kulia, nusu kushoto, wakipishana, hata tepe zikasukwa juu ya mti kama ukili. Msichana mdogo alikosea njia, mlolongo wote ukafungamana, watu wakacheka, mwalimu akaufungua, wakaanza tena.

Maana sikukuu hii, hapo mwanzo, haikuwa ya wageni wala ya divai. Katika karne ya kumi na tisa ilikuwa siku ya wanafunzi wa shule ya Kijerumani. Masomo ya mwaka yalipokwisha, watoto waliandamana na bendi mpaka bustanini, wakapewa soseji na limonadi ya rangi ya waridi, wakacheza mpaka jua lilipotua.

Jengo la shule lenyewe liko bado, la matofali, lilijengwa mwaka 1871, lina mnara wenye saa. Watoto walisomea humo hadi 1955. Sasa ni jumba la kumbukumbu. Tuliingia. Bibi mmoja mzee aliyeketi mlangoni alituonyesha madawati na vitabu vya Kijerumani vya zamani. Alituambia kuwa katika hati ya kuanzishwa kwake shule ile iliandikwa kuwa itakuwa ya Kijerumani milele.

Mke wangu akamwuliza, « Nawe, mama, wakisema? »

Yule bibi akatabasamu. Akasema bibi yake alisali kwa Kijerumani maisha yake yote. Yeye mwenyewe anajua sala moja tu, ile ya kabla ya chakula, na maneno mengine ya sala hiyo hajui maana yake. Wajukuu wake hawajui hata hiyo.

Lugha ilipoteaje? Husemwa mara nyingi kuwa vita viliiua, na ni kweli kwa sehemu. Mwaka 1917 Marekani ilipoingia vitani kupigana na Ujerumani, kila aliyesema Kijerumani alitazamwa kwa jicho baya. Wakubwa wa jimbo la Missouri waliwahimiza watu wakiache shuleni, kanisani na mikutanoni. Watu waliozaliwa Marekani, ambao wana wao walikuwa wamevaa magwanda ya jeshi la Marekani, wakajifunza kunyamaza mbele ya jirani. Lakini vita vilikata mti uliokwisha kuinama. Kijana aliyetaka kazi Saint Louis aliitaka kwa Kiingereza, aliposa kwa Kiingereza, na alipozaa alibembeleza kwa Kiingereza. Hakuna sheria iliyomlazimisha.

Pigo la pili likafuata upesi. Mwaka 1920 sheria ya nchi nzima ilikataza pombe na divai, nayo ilidumu hadi 1933. Divai ya Misa iliruhusiwa, na Mapadri Wayezuiti wa Florissant, karibu na Saint Louis, waliendelea kuitengeneza. Lakini hiyo haikuweza kulisha mji wa wakulima wa zabibu. Mahandaki ya Stone Hill, yaliyojengwa kwa mawe chini ya kilima, yakageuzwa mahali pa kuotesha uyoga, na ikawa hivyo miaka mingi. Ni mwaka 1965 tu ndipo familia moja ya wakulima ilipoyafungua tena kwa divai. Tulishuka humo. Kuna baridi hata siku ya jua, na sauti ya mtu hurudi kutoka ukutani.

Maifest nayo ilifufuliwa kabla ya divai, mwaka 1952. Wenyeji waliopenda kazi za sanaa na nyumba za kale ndio walioifufua, na wageni wakaja wengi kuliko walivyotazamiwa. Kwa fedha zilizopatikana, nyumba za kwanza za mji ziliokolewa zisibomolewe. Kuna wanaosema kuwa sikukuu ya sasa ni biashara ya hoteli na wauza soseji. Hawakosi kabisa. Lakini mimi nilimtazama yule mwalimu aliyezifungua tepe za watoto kwa uvumilivu mara tatu, wala hakuna aliyekuwa akimlipa kwa kila fundo.

Usiku ule, taa za bustani zilipozimwa, tuliketi mbele ya motokari yetu. Mke wangu alikuwa kimya tangu shuleni. Mwishowe akasema, « Hawa walikuwa na shule, na gazeti, na barabara zenye majina yao, na mji mzima. Na lugha imekwenda. Sisi, Baba, tuna nyumba ya vyumba vitatu. » Sikuwa na la kumjibu. Nikamwambia chai inapoa.

Dominika tulikwenda Misa katika kanisa la Mtakatifu Georgi, lililo juu, ambapo unauona mto wote na daraja lake. Misa ilikuwa ya Kiingereza. Baada yake watu walisimama nje kama wasimamavyo Wakristu mahali pote, hawana haraka ya kurudi nyumbani. Mzee mmoja alituuliza tunatoka wapi, tukamwambia Kongo, akauliza huko mwasema lugha gani. Mke wangu akamwambia nyingi, akazihesabu kwa vidole, Mashi, Kiswahili, Kifaransa, na mzee akatikisa kichwa kama mtu anayehesabiwa mali ya mwingine.

Jumatatu tulimwaga maji machafu mahali palipowekwa, kazi ambayo kila mwenye nyumba ya magurudumu huifanya bila kuvuta pumzi, tukafungua waya, tukaondoka. Tuliposimama Washington kutia mafuta, mke wangu akachukua simu, akawaita wajukuu. Alianza kuwasimulia, kwa Kiswahili, habari za ule mti na tepe zake. Nilisikia sauti ya mdogo wao ikijibu kwa Kiingereza kwamba hajaelewa. Hakugeuza lugha. Alirudia tangu mwanzo, polepole, utepe mwekundu, utepe wa kijani, na pampu ilikuwa imekwisha zamani kujaza, naye bado anasimulia.