Udongo wa Kutupa

Kwa miaka ishirini na mmoja niliandika maneno yale yale kwenye kila ramani ya msingi niliyochora, iwe ya Migori, Homa Bay au mitaa ya Nairobi yenye ardhi kama hiyo: udongo mweusi uchimbwe wote na kuondolewa, shimo lijazwe mawe na maramu. Mwanakandarasi hakuhitaji maelezo zaidi. Tingatinga lilichimba mita moja, mita moja na nusu, pengine zaidi, lori likabeba na kwenda kumwaga. Mafundi waliuita udongo wa kutupa. Nami niliuita hivyo hivyo, na sikuwahi kuuliza ulimwagwa wapi.

Sababu ya kuutupa ni ya kweli, wala simshauri mtu yeyote ajenge juu yake. Udongo ule hunywa maji ukavimba, na ukikauka hunywea na kuacha nyufa zinazoweza kumeza mguu wa ndama. Nyumba iliyoketi juu yake hupanda na kushuka kwa misimu. Mvua huinua kona moja, kiangazi huiachia, na ukuta hukatika kimshazari kuanzia pembe ya dirisha. Bonde la Lambwe limejaa udongo wa namna hiyo, na pwani nyingi za ziwa vilevile.

Nilizaliwa Nyatike, ndani ya nyumba ya udongo, nikalelewa na dani, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kijaluo. Kila Desemba, kabla ya Krismasi, dani alikandika nyumba upya. Kazi hiyo tunaiita muono, na ni kazi ya wanawake. Sisi watoto tulitumwa na karai kuleta udongo mwekundu wa kichuguu na samadi mbichi ya ng'ombe. Yeye alikanyaga mchanganyiko kwa miguu mpaka ulainike, akaupaka ukutani kwa viganja. Chini, pale mvua inaporuka, aliweka mkanda mweusi. Juu, chini ya nyasi za paa, aliweka mkanda mweupe. Katikati palibaki pekundu, na kabla hapajakauka alipitisha vidole vyote vya mikono miwili kwa pamoja, nusu duara kulia, nusu duara kushoto, kutoka mlangoni mpaka akaizunguka nyumba nzima na kurudi mlangoni. Mistari ilikutana. Hakuwa na kamba wala kipimo.

Kisha nikaenda Nairobi kusomea usanifu wa majengo, miaka sita. Nilijifunza nguzo za Wagiriki, matao ya Warumi na vioo vya Wajerumani, na nilivipenda. Hakuna aliyenikataza kuutaja ukuta wa dani. Ni mimi niliyenyamaza. Nilipopata mshahara wa kwanza mkubwa nilimjengea nyumba ya matofali yenye paa la mabati, akanishukuru, akahamia. Ile ya udongo aliendelea kuikandika kila Desemba hata hivyo, ikiwa jiko na ghala. Sikumwuliza sababu. Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza, ujenzi ulihamia mashinani: zahanati, madarasa, masoko. Nikarudi nyumbani kama wenzangu wengi, nikafungua ofisi ndogo mjini Homa Bay. Kazi zilikuwepo. Miaka miwili baadaye niliitwa kwenda kutazama darasa ambalo nilikuwa nimelichora mwenyewe, lililojengwa juu ya ardhi nyeusi. Aliyechimba msingi alikuwa ameondoa nusu ya udongo uliotakiwa kuondolewa, akafunika, na mimi sikufika siku ya kukagua shimo. Watoto hawakuumia, namshukuru Mungu. Lakini ufa ulikuwa mpana kiasi cha kupitisha mkono wangu. Niliupitisha. Nikatoa bonge la udongo mweusi, nikalitia mfukoni, sijui kwa nini.

Lilikauka juu ya meza ya ofisi. Kwa siku tano nililitazama likijikata lenyewe, mistari ikikutana kwa pembe nilizotumia maisha yangu kuzichora kwa rula. Siku ya sita nililiponda, nikalilowesha, nikalipaka kwa kiganja nyuma ya ramani ya zamani. Huo ndio mchoro wangu wa kwanza. Bado ninao. Mwaka 2016 nilifunga ofisi.

Mke wangu aliuliza swali moja tu: karo ya watoto itatoka wapi? Kwa miaka minne ya kwanza ilitoka kwenye ramani nilizoendelea kuchora usiku kwa ajili ya ofisi za watu wengine. Naliandika hili kwa sababu vijana huniuliza kana kwamba niliamka asubuhi moja nikiwa mchoraji.

Kutengeneza rangi kulinichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Mfinyanzi mmoja upande wa Oyugis ndiye aliyenifundisha. Nilifika kwake na ungo na kinu, nikamweleza ninavyoponda udongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, unaupiga wa nini? Upe maji, utajichambua wenyewe." Akatia bonge katika ndoo ya maji, akakoroga, akasubiri kiasi cha kumenya ndizi tatu. Mchanga ulizama. Akamimina yale maji yenye rangi katika chombo cha pili, akaacha mpaka kesho yake. Kilichotulia chini kilikuwa laini kama krimu. Nimefanya hivyo kwa kila udongo tangu siku ile, ndoo tatu kwa kila rangi, na bado sijaona njia iliyo bora zaidi.

Moto ulinifundisha lingine. Udongo wa njano niliouchota kando ya barabara karibu na Rongo niliukaanga kwenye karai juu ya jiko la makaa. Katika dakika chache ukageuka mwekundu mbele ya macho yangu. Njano ile ni kutu ya chuma iliyofungamana na maji. Moto ukiyafukuza maji, kutu hubaki nyekundu. Katika maduka ya vifaa vya uchoraji huuzwa kijibomba cha rangi iliyopewa jina la Siena, mji wa Italia, na ni hadithi ile ile: udongo wa njano uliochomwa. Kiswahili nacho kina neno lake, ngeu, ule wekundu ambao maseremala waliupaka kwenye uzi wakauvuta na kuuachia upige mstari ubaoni. Yaani mstari wa fundi ulikuwa wa udongo tangu zamani.

Weusi ndio ulionitesa. Kila nilipoupaka kwenye kitambaa cha marekani ulipasuka na kudondoka. Nilijaribu kiini cha yai, gundi ya mgunga, uji wa muhogo. Hatimaye nikakumbuka samadi. Nyuzi za nyasi zilizosagwa tumboni mwa ng'ombe hushika udongo kama nondo zinavyoshika zege. Dani alijua hilo bila kusikia neno zege. Siku hizi naweza kuamua ufa uwe mpana kiasi gani: samadi nyingi, ukuta mtulivu, samadi kidogo, bonde la Lambwe mwezi wa Februari.

Kuna malighafi niliyoiacha. Kwetu Nyatike, kuzunguka Macalder, ardhi ina dhahabu, na mabaki ya mawe yaliyosagwa hurundikwa kando ya mashimo, ya kijivu na ya njano iliyokolea, mazuri kupita kiasi. Nilibeba magunia mawili. Nilikuwa nikiyachanganya kwa mikono mitupu mpaka rafiki yangu daktari aliponiuliza kama najua dhahabu hiyo inanaswa kwa kitu gani. Inanaswa kwa zebaki, na zebaki hubaki ndani ya yale mabaki. Mimi niliweza kuacha. Wanawake wanaochekecha matope yale katika mabeseni, watoto wao wakiwa mgongoni, hawajapewa nafasi hiyo. Tangu hapo, ninapochora machimbo, sichori kwa mchanga wake.

Niliporudi Thimlich Ohinga sikuwa na futi ya kupimia. Nilikuwa nimeenda mara nyingi kama msanifu: boma za mawe zilizoko kiasi cha kilomita 46 kaskazini magharibi ya mji wa Migori, kuta za kati ya mita 1.5 na 4.5 kwenda juu, bila saruji, bila tope, bila hata msingi kuchimbwa, zimesimama yapata miaka mia tano. Safu ya nje, safu ya ndani, na katikati mawe madogo yanayozibana zote mbili. UNESCO iliziandikisha katika urithi wa dunia mwaka 2018. Safari hii nilikaa chini ndani ya ile kubwa, Kochieng, tangu asubuhi mpaka kivuli kikahama upande. Waliozijenga hawakutafuta ardhi iwe kitu kingine. Mawe yaliyokuwa yametapakaa kilimani waliyainua na kuyapanga, basi. Sikugusa hata jiwe moja. Vumbi la mchoro wangu wa Kochieng nililichota barabarani, nje kabisa ya hifadhi.

Watu hunihesabu kama mtu aliyebuni jambo. Sikubuni. Katika kisiwa cha Mfangano, kwenye mwamba wa Kwitone, kuna miduara myekundu na myeupe, mmoja ndani ya mwingine, inayosemwa kuwa ya wawindaji Watwa waliokuwako kabla ya Wasuba na Wajaluo. Na pale Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, watafiti walitangaza mwaka 2023 zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Baadaye ikaonekana kwamba mawe mengine yalibebwa kutoka umbali wa hadi kilomita 13, kwa kuwa ya karibu yalikuwa laini mno. Nami hubeba gunia langu kwenye pikipiki kutoka Gwassi nikiwaza kiumbe aliyeyabeba mawe yale, akipita mawe mia kufuata jiwe moja. Huko Nigeria, Demas Nwoko alifuata njia yangu kinyumenyume: alianza kama mchoraji akawa mjenzi, akachanganya udongo mwekundu na saruji, na mwaka 2023 maonyesho ya usanifu ya Venice yakamtunuku Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake.

Dani alifariki mwaka 2018. Kwa desturi yetu, nyumba ya mwanamke mzee aliyeondoka haikarabatiwi, huachiwa mvua. Mvua ya pili iliangusha kipande cha ukuta karibu na mlango. Nilikiokota, nikatazama pale kilipovunjika. Kulikuwa na mistari, mwekundu juu ya mwekundu, kila mmoja mwembamba kama ukucha. Nilihesabu thelathini na minne. Kila Desemba ilikuwa pale, pamoja na zile ambazo nilikuwa Nairobi nikijifunza kuta za watu wengine.

Kwenye kipande hicho kuna pia weupe wake, na weupe huo sijaupata. Nimepanda mlima wa Homa, ambao ni volkano ya mwamba wa kabonati, ndugu yake Ol Doinyo Lengai ya Tanzania iliyo hai mpaka leo. Jiwe lake ni jeupe lenye ukijivu, siyo hilo. Nimejaribu majivu, nimejaribu udongo wa mtoni Kuja. Shangazi zangu wanakumbuka kwamba dani aliondoka alfajiri na kikapu akarudi saa nne, basi. Mwendo wa saa mbili, kwa upande usiojulikana. Michoro yangu yote ina mkanda mtupu juu, pale weupe ungekaa, na wanunuzi hudhani ni mtindo.

Ndugu msomaji, kama nyumba ya udongo ya mama yako au nyanya yako ingali imesimama, nenda ukamwulize nyeupe aliichota wapi, na nyekundu, na nyeusi. Mwombe akupeleke, hata kama ni mwendo wa saa mbili. Andika jina la mahali hapo kama anavyolitamka yeye.