Vakansi za visiwani na watoto wadogo: tuvuke mara chache, tukae siku nyingi



Masomo yakifungwa mwezi wa saba, watoto wa Bukavu na Goma wanaanza kuangalia ziwa kwa jicho lingine. Wanaona visiwa kwa mbali na kuuliza: kule kunakaa nani? Wengi wetu tumeishi kando ya ziwa Kivu miaka mingi bila kujibu swali hilo. Tunavuka kwenda msibani, sokoni au hospitali. Kuvuka kwa ajili ya kupumzika tu, pamoja na watoto, tunaona ni jambo la wageni wenye makuta mengi.

Juma hili tunasema inawezekana, hata kwa mama mwenye mtoto wa miaka mitatu mkononi na mwingine mgongoni. Lakini kuna masharti mawili: uvuke mara chache, na usivuke peke yako.

Kisiwa kimoja kikubwa, kimoja kidogo

Anayesafiri bila watoto anaweza kulala kila siku kisiwa kingine. Mwenye watoto wadogo hawezi. Kila safari ya bato ni kuamka usiku, kufunga mizigo, kungoja bandarini, mtoto kutapika, na kutafuta tena mahali pa kulala. Ukipanga visiwa vitano kwa siku saba, utarudi nyumbani ukihitaji vakansi nyingine.

Kwa hiyo chagua kisiwa kimoja cha kukaa, halafu kingine kidogo cha kutembelea asubuhi na kurudi kabla ya jua kuwa kali. Hiyo inatosha. Mtoto hahesabu visiwa. Anakumbuka jiwe alilokaa juu yake, mbuzi aliyemfuata, na samaki aliyemshika kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa familia nyingi za Kivu, kisiwa cha kukaa ni Idjwi. Ndicho kikubwa kuliko vyote vya ziwa letu. Ni teritware ya Kivu ya Kusini yenye shefari mbili: Rubenga upande wa kaskazini, Ntambuka upande wa kusini. Wenyeji wengi ni Wahavu, na Bambuti pia wanakaa huko. Kuna milima, migomba, mihogo, kahawa na mananasi matamu. Magari ni machache, na jambo hilo peke yake ni pumziko kwa mama aliyezoea kumvuta mtoto pembeni ya barabara kila dakika. Vita vilivyochoma nchi ya pembeni havikuwaka Idjwi kwa namna ile, na mwaka 1994 kisiwa kilipokea wakimbizi wengi kutoka Rwanda.

Kisiwa kidogo cha asubuhi kinategemea pale mlipofikia. Idjwi yenyewe imezungukwa na visiwa vidogo. Upande wa Kalehe kuna Ibinja. Upande wa Goma kuna Tchegera, ukingo wa volkano ya zamani uliobaki juu ya maji. Hicho kimo ndani ya hifadhi ya Virunga, kwa hiyo ruhusa inaombwa kwa wasimamizi wa hifadhi.

Tunajua vilevile kwamba amani yetu si ya kila siku. Bandari inaweza kufungwa leo na kufunguliwa kesho. Waulize waliovuka juma hilohilo, si wa mwaka jana. Njia ikiwa si salama, mpango ubaki kwenye daftari. Daftari halina haraka.

Siku ya kuvuka

Hapa ndipo penye uzito wa habari hii, na tunaomba kila mama asome polepole.

Mwezi wa nne mwaka 2019, baada ya mtumbwi mkubwa kuzama upande wa Kalehe, Rais Félix Tshisekedi aliamuru kila msafiri wa ziwani avae jile. Tarehe 3 Oktoba 2024, bato iliyotoka Minova ikiwa imejaza watu kupita kiasi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, wakati safari ilikuwa inamalizika. Kati ya waliokufa walikuwamo wamama na watoto. Amri ilikuwapo kwa miaka mitano. Lakini amri haimvalishi mtoto jile. Anayefunga kamba ni mama.

Mambo ya kuangalia ni haya.

Jile ya mtoto iwe ya kipimo cha mtoto. Mvalishe, funga kamba zote, halafu shika jile kwenye mabega na uinue kidogo. Ikipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno, na ndani ya maji itamtoka. Jile za watoto ni haba bandarini. Kikundi kikiweza kununua chache, zitatumika miaka mingi na familia nyingi.

Mtoto mchanga asifungwe mgongoni ndani ya bato. Tumezoea kumfunga kwa kitenge, na nchi kavu ni vizuri. Lakini jile imetengenezwa ili mtu aelee kifua juu, uso ukiangalia mbingu. Mama akianguka majini na mtoto yuko mgongoni, mama ataelea na mtoto atakuwa chini ya maji. Mpakate mbele, kifuani, bila fundo lolote.

Mtu mzima mmoja kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Mama mwenye wadogo watatu aende na dada, shangazi au baba yao. Kila mtu ajue kabla ya kupanda mtoto wake ni yupi.

Mkae karibu na mlango, si chini pamoja na mizigo. Bato ikikaribia bandari, msisimame. Wasafiri wote wakikimbilia upande mmoja, hata bato nzuri inalala.

Vukeni asubuhi ikiwezekana, na katika kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, wakati dhoruba za mvua ni chache. Mtoto ale chakula kikavu na kidogo: ndizi ya kuchoma, kipande cha mkate. Aangalie mbali, kwenye milima, si sakafu ya bato.

La mwisho ni gumu kuliko yote. Ukifika bandarini ukaona bato imejaa na watu bado wanapanda, sema: sipandi. Utaambiwa umechelewesha watu, utaambiwa nauli hairudi, utachekwa. Mama mmoja anayesema hivyo anasukumwa pembeni. Wamama kumi wanaosema hivyo pamoja, wakishika watoto mkononi, wanasikilizwa. Na wasiposikilizwa, wanashuka wote, wanangoja bato nyingine. Ndiyo sababu tunasema usivuke peke yako. Nauli iliyopotea inatafutwa tena.

Maji ya kuogelea

Wageni wanalisifu ziwa Kivu kwa sababu halina mamba wala viboko. Ni kweli. Lakini lina kina. Sehemu ya chini kabisa inafika karibu meta 480, na pwani nyingi zinateremka ghafla: hatua tatu maji yako magotini, hatua ya nne mtoto haonekani.

Weka sheria moja ambayo hata wa miaka minne anaielewa: maji yasipite kitovu. Mtu mzima asimame upande wa kina, mtoto acheze upande wa nchi kavu. Mkumbuke pia kwamba mtoto anayezama hapigi kelele. Anazama kimya, pembeni ya watu wanaoongea.

Katika kundi, mpeane zamu ya macho. Mama wa zamu afunge kitambaa chekundu kichwani. Kwa dakika 20 hapiki, haongei, hashiki simu. Kazi yake ni kuhesabu vichwa. Zamu ikiisha, anampa mwenzake kitambaa mkononi. Wengine wote wanaweza kulala chini ya mti, na hilo ndilo pumziko tulilolifuata.

Hewa na tumbo

Mnaopita pwani ya kaskazini, kati ya Goma na Sake, mnajua neno mazuku. Ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini. Haina rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala mashimoni na mabondeni. Mtu mzima anaweza kupita akiwa amesimama na asijue kitu, lakini pua ya mtoto iko chini. Usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo, inajikusanya zaidi. Huko watoto wasicheze mashimoni wala mapangoni. Mkiona ndege au panya wamekufa mahali pa bonde, ondokeni mara moja, na yeyote asiiname kuokota kitu.

Kipindupindu kinajulikana pwani zetu. Maji ya ziwa, hata yakionekana safi kama kioo, yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywa. Beba sabuni, chandarua, na pakiti za SRO, ule unga unaochanganywa na maji safi mtoto anapoharisha. Siku ya kwanza, ulizeni kituo cha afya kiko wapi. Upande wa kusini wa Idjwi kuna hospitali ya Monvu.

Beba pia sweta. Ziwa letu liko meta 1,460 hivi juu ya bahari. Mchana jua linachoma hata upepo ukiwa baridi, kwa hiyo watoto wavae kofia. Usiku wanatetemeka. Msitegemee umeme: tochi moja kwa kila familia.

Siku zinapita namna gani

Usiweke programu. Asubuhi maji, mchana kulala, jioni kutembea. Mtoto mdogo akikosa usingizi wa mchana, kundi zima linajua kabla ya saa kumi na moja.

Jioni wapelekeni watoto pwani kuangalia wavuvi wakitoka. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawashwa, nao wanapiga makasia wakiimba. Wanafuata sambaza, ambayo huja kwenye mwanga. Waambieni watoto kwamba samaki huyu si mzaliwa wa hapa: aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna sahani ya Kivu isiyomjua. Asubuhi nunueni sambaza wabichi, na kila mtoto asafishe watano wake.

Siku ya soko, nunueni kwa wamama wa kisiwa. Mkikaa nao mtasikia pia habari ya kahawa. Kwa miaka mingi watu wa Idjwi walivusha kahawa yao kwa mitumbwi, usiku na kwa kificho, kwenda kuiuza Rwanda, na wengi walizama. Waliacha wajane wengi. Tangu wakulima walipoanza kujiunga katika koperative, baadhi yao wanauza kahawa bila kuvuka usiku. Mtoto mkubwa kidogo anaweza kusikia habari hiyo. Ataelewa kwamba ziwa si mahali pa kucheza tu.

Na jikoni? Vakansi ambayo mama anapika mara tatu kwa siku ni kazi iliyohamishwa. Pangeni zamu, na baba waliokuja wawekwe kwenye zamu pia. Kila mama apate nusu siku yake mwenyewe, bila mtoto, bila sufuria, na asiulizwe alifanya nini.

Makuta

Jambo hili linaanzia kwenye kikundi cha akiba, yaani AVEC yetu. Hesabuni mapema: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, kulala, chakula. Juu yake ongezeni theluthi moja kwa ajili ya ugonjwa au bato iliyochelewa. Gaweni kwa majuma yaliyobaki mpaka mwezi wa saba. Nauli ya kurudi ifungwe kando tangu siku ya kwanza na ishikwe na mama mmoja asiye na mkono mwepesi. Wengi hulala katika nyumba za wageni au kwa jamaa. Mkifikia kwa jamaa, pelekeni unga, mafuta na sabuni, maana mgeni mwenye watoto sita anamaliza ghala la mtu.

Kikundi kisichoweza mwaka huu kianze na siku moja: kuvuka asubuhi kwenda kisiwa cha karibu, kula, kucheza, kurudi mapema kabla ya jua kushuka. Watoto watauliza kama kesho mnarudi tena.

Mkikutana juma hili, wekeni jambo hili kwenye mazungumzo: nani angeenda, wadogo ni wangapi, na jile za kipimo chao zitatoka wapi. Swali la jile litangulie mengine yote.

Safari njema, wamama. Mungu awalinde watoto wetu, nasi tufunge kamba vizuri.