Pikapu Bila Kenopi, Njia ya Mang'ola

Kitunguu hakipendi kufungiwa. Kikikosa hewa kwenye joto hutoa jasho, maganda yakalegea, na mnunuzi wa Soko la Kilombero, Arusha, atakibonyeza kwa dole gumba kisha ashushe bei bila haya. Ndiyo maana safari yangu ya kwanza kwenda Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu karibu na Ziwa Eyasi, ilianzia uani kwetu: kenopi ya Hilux ilibidi ishuke.

Wengi hudhani kazi ni kuinua. Kazi iko kwenye vidude vidogo. Kuna waya wa taa ya breki ya juu. Plagi yake isipochomolewa mapema, waya utakatika kenopi ikiwa tayari mikononi mwa watu. Halafu klampu zinazoibana kenopi kwenye kingo za bodi: vumbi na kutu huzigandisha. Shemeji yangu, fundi bodi, alizipulizia dawa ya kutu jioni akaziacha zilale nayo. Asubuhi spana namba 13 ikazifungua bila ugomvi. Mpira wa kuzuia maji ulikuwa umeng'ang'ania rangi, akaubandua kwa vidole, polepole. Nilipomletea bisibisi aliitazama kama matusi.

"Shem, hiyo inaacha mkwaruzo. Mkwaruzo ndio mama wa kutu."

Vijana wanne wa mtaani wakashika kila mmoja kona yake, wakainua kwa pamoja, nami nikalitoa gari chini yao taratibu. Kenopi ya faibaglasi inabebeka. Shida ni upana wake, kwani upepo ukiidaka inakuwa tanga la jahazi.

Mzee wa nyumba ya pili, kwa juu ya uzio, akashauri tuiegemeze ukutani tu. Tulimpa shikamoo yake na ushauri tukaupokea kwa heshima, lakini hatukuufuata. Kenopi ikisimamishwa kwa ukingo muda mrefu hujipinda, na siku ya kuirudisha mlango haufungi na vioo havitelezi. Kuna wanaoining'iniza kwa kapi kwenye kenchi, na hiyo ni njia nzuri kwa mwenye kenchi ya kuaminika. Kenchi za banda letu zinabeba bati na kunguru, basi. Tulipanga tairi kuukuu, juu yake mbao zilizonyooka, tukailaza kenopi kama inavyokaa kwenye gari, mlango umefungwa ili umbo lisilegee. Turubai juu, kwa sababu ya jua, chini tukaacha hewa ipite. Bolti na klampu zilitiwa kwenye kopo, kopo likafungiwa ndani ya kenopi yenyewe, kwa kuwa kwenye nyumba yenye watoto bolti haiachwi mezani.

Nikaondoka. Mpaka Makuyuni ni lami na uwanda wa Wamasai. Ukikata kulia unafika Mto wa Mbu, kisha gari linapanda ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likizidi kushuka chini yako. Nyuma kulikuwa kwepesi kuliko nilivyozoea, na kwenye matuta bodi tupu ilirukaruka na kupiga kelele. Lakini kioo cha ndani sasa kilinionyesha barabara nzima, si giza la kenopi na mzigo wa watu.

Baada ya Karatu nikaiacha barabara ya Ngorongoro na kushika njia ya Mang'ola. Hapo ndipo lami inasahauliwa. Mawe, makorongo, vumbi jepesi kama unga, na joto linaloongezeka kila unapoteremka. Wachungaji wa Kidatoga walipita na ng'ombe wao, hawana haraka na mtu. Halafu, katikati ya ukame ule, mikoche na kijani kibichi: maji ya chemchemi yanayotoka nyanda za juu za Ngorongoro, yakigawiwa kwa mifereji jaruba kwa jaruba.

Shambani nilimkuta mama mwenye mzigo akisimamia ujazaji. Alikagua bodi kwanza, mimi baadaye.

"Umekuja wazi, mwanangu. Vizuri. Wa jana alikuja na kibanda mgongoni, nikamwambia abebe kuku."

Mifuko ya wavu ikapangwa kwa kupishana ili upepo upenye. Kijana mmoja alitaka kuongeza lumbesa. Mama akamkatalia, akisema mizani ya njiani haina undugu. Kamba za katani zikakazwa, tukaelewana bei ya mzigo unaofuata, na nikaagizwa nirudi na turubai la pili kabla ya masika.