Safari Fupi ya Gari la Moshi, Kigoma hata Uvinza

Jamaa yetu ya Makobola imeazimia kufanya safari, nayo si ya biashara wala ya kukimbia. Watoto wetu wameomba wapande gari la moshi. Watu wa miji mikubwa watacheka na kuuliza, ombi gani hilo? Lakini kwetu lina sababu yake. Tena, kwa kuwa jamaa nyingi za Fizi na Uvira zina sababu iliyo sawa na yetu, twaona vema kueleza jinsi tulivyoipanga safari hiyo, huenda mwingine akafaidika.

Mauaji yalipofanyika Makobola na katika vijiji vya jirani, tangu tarehe 30 Desemba 1998 hata tarehe 2 Januari 1999, walikufa watu zaidi ya 800, kama ilivyoandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010. Tuliosalia tulitawanyika. Wengine walipanda milima kuelekea Itombwe. Wengine walishika njia ya Mboko na Baraka, kisha wakavuka ziwa usiku kwa mitumbwi. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliovuka. Kutoka Kigoma tulichukuliwa kwa malori mpaka kambi ya Lugufu, iliyofunguliwa mwaka 1997 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka mjini, kwa njia ya Uvinza. Tulikaa huko mpaka watu walipoanza kurudishwa kwa meli, mwaka 2005, wakishushwa Baraka.

Reli ya Kati yapita upande ule. Usiku, upepo ukivuma kuja kwetu, tulisikia honi ya gari la moshi. Watoto waliozaliwa kambini waliijua honi hiyo kabla ya kujua kuhesabu. Walijifunza kuiga sauti yake, wakapanga matofali mabovu kuwa mabehewa, wakauziana tiketi za majani ya mwembe. Lakini gari lenyewe hawakulipanda hata mara moja, maana katika miaka ile mkimbizi hakuruhusiwa kwenda mbali na kambi zaidi ya kilomita 4 bila kibali. Sasa wamekuwa watu wazima, na baadhi yao wana watoto wao wenyewe. Ukiwauliza juu ya Lugufu, hawaanzi na mahema wala na mstari wa kungojea unga. Huanza na honi.

Mama yetu mzee naye ana neno lake. Katika makaburi ya Lugufu tulimzika ndugu yetu mdogo, aliyekufa kwa malaria akiwa na umri wa miaka 4. Kwa miaka mingi mama hakulitaja jambo hilo mbele yetu. Siku ile vijana walipozungumza juu ya gari la moshi, alikuwa akichambua maharagwe barazani. Alisema tu, "Wanangu, na mimi mtanichukua." Hakuna aliyethubutu kumwuliza sababu. Basi safari iliyokuwa ya furaha ya vijana imekuwa na mzigo mwingine ndani yake, na mipango yote imebidi ifanywe upya.

Kijana wetu mmoja akaaye Ulaya alituandikia barua ndefu ya kutusaidia. Yeye amekwisha kusafiri kwa gari la moshi katika milima ya Alpi, nchini Uswisi, katika njia iitwayo Bernina, iliyokamilika mwaka 1910, ambayo hupanda hata kimo cha mita 2,253. Asema kwamba alinunua tiketi moja, akashuka katika kijiji kidogo kuona kanisa lenye mnara mwembamba na ng'ombe waliovikwa kengele shingoni. Alipokwisha kutazama, akapanda gari lililofuata, kwa kuwa huko magari hupita kila saa. Akatushauri tufanye vivyo hivyo, tushuke katika kila kituo cha njiani tusalimie watu.

Shauri hilo ni jema sana kwa nchi aliyomo. Lakini katika Reli ya Kati, mtu akishuka katika kituo kidogo na kuliacha gari liende zake, huenda akalala hapo siku kadhaa akingoja jingine. Kule Uswisi mtu hupanga safari kwa kuanza na mahali apendapo kwenda. Kwetu ilitulazimu kuanza na siku ya kurudi, kisha kuhesabu kinyumenyume mpaka mlangoni petu. Tulifanya hivyo kwa jioni tatu, na daftari moja, na mabishano mengi.

Bishano la kwanza lilikuwa juu ya ziwa. Vijana walitaka tuvuke kwa mashua kutoka Baraka, kwa maana njia hiyo yanyoka na gharama yake ni ndogo. Lakini likizo ndefu ya shule kwetu ni Julai na Agosti, na hiyo ndiyo miezi ya upepo mkali wa kusini. Mawimbi ya Tanganyika wakati huo hayana mzaha, wala mashua zetu hazijui kukataa mzigo. Tena mama alisema kwamba ziwa alikwisha livuka mara moja gizani, na mara hiyo yamtosha. Twaona ana haki. Basi tumechagua njia ya nchi kavu: Uvira, Kavimvira, Bujumbura, kisha kandokando ya ziwa kupitia Rumonge na Nyanza-Lac, halafu mpaka wa Manyovu na kuteremka Kigoma. Ni mzunguko mrefu, wenye mipaka miwili na mihuri mingi. Mipaka hiyo nayo hufungwa na kufunguliwa kufuatana na hali ya nchi, nasi wa Fizi twajua jinsi hali ya nchi ibadilikavyo katika usiku mmoja. Kwa hiyo fedha ya safari haitatolewa hata senti moja kabla ya kupata habari za hakika za juma lile lile, na kila mtu, hata mtoto mchanga, atakuwa na hati yake mwenyewe.

Mjomba wetu aliuliza kwa nini tusiende Kalemie, ambako Wabelgiji walifikisha reli mwaka 1915, tukabaki katika nchi yetu. Ni swali la haki. Hata Kalundu, jirani yetu kabisa, palikuwa na reli fupi ya kwenda Kamanyola katika bonde la Ruzizi, iliyofungwa kabla ya uhuru. Vijana wakisimuliwa hudhani ni hadithi za sungura. Lakini Kalemie ni mbali na Makobola, na reli ya huko haipiti Lugufu. Mjomba mwenyewe alikubali.

Bishano la pili lilikuwa kubwa zaidi. Reli ya Kati ni ndefu: Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, jumla yake kilomita 1,250 hivi. Vijana wakishaitazama ramani hawataki kushuka. Walitaka twende hata Tabora, na mmoja akasema, kwa nini tusione bahari? Tulihesabu fedha, tukaona yatosha Uvinza na akiba kidogo ya ugonjwa. Walinuna, kisha wakakubali, hasa walipokwisha kuelezwa kwamba Uvinza nako kuna mambo: chemchemi za maji ya chumvi zilizotumiwa na watu kwa zaidi ya miaka 1,000, na mto Malagarasi, ambao bila shaka walisoma habari zake shuleni.

Sasa twaeleza mpango wenyewe, ambao kwa kweli aliuvumbua dada yetu wa tatu, mwuza samaki, ambaye hakuna mtu aliyemwuliza. Alisema, kwa nini mpande gari la moshi kwenda na kurudi? Barabara ya Kigoma hata Uvinza hufuatana na reli, na mabasi hupita kila siku. Basi tutapanda gari la moshi upande mmoja tu, na upande wa pili tutapanda basi, tukishuka Lugufu kwa muda tutakao. Hivyo hakuna atakayengoja kituoni siku tatu. Ratiba ya gari hubadilika, kwa hiyo tumeandika njia mbili daftarini. Gari likiondoka Kigoma mchana, tutakwenda nalo Uvinza, na kurudi kwa basi. Likiondoka usiku, tutatangulia kwa basi, kisha turudi Kigoma kwa gari litokalo Tabora, ikiwa lapita kukiwa na mwanga. Watoto hawakungoja miaka yote hii ili wapite Lugufu gizani.

Mama atakaa upande wa dirisha. Jambo hilo halikubishaniwa.

Siku moja tumeiweka ya Ujiji, maana ni karibu sana na Kigoma, na watoto wa shule watafurahi kuona mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Wazee wao watatazama zaidi ile pwani walikoshuka.

Wako wanaosema tungoje. Mkataba wa reli mpya kutoka Tabora hata Kigoma, kilomita 506, ulitiwa sahihi mwezi wa Desemba 2022, na mwingine wa kuiunganisha Uvinza na Musongati, nchini Burundi, mwezi wa Januari 2025. Huenda wajukuu wetu watapanda gari karibu na nyumbani. Sisi hatungoji, kwa kuwa mama amepita miaka 80, na miguu yake haijui mikataba.

Limebaki neno moja ambalo daftari letu halikuweza kulijibu. Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009, na watu waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu. Twasikia kwamba baadhi ya majengo yake yamekuwa shule za sekondari, jambo la kufurahisha. Lakini makaburi yalikuwa ya udongo na misalaba ya miti, na miti huliwa na mchwa. Twakumbuka mwembe, na njia ya kuelekea kisimani, na kwamba kaburi letu lilikuwa katika safu ya mwisho siku ile. Bila shaka baada yake safu nyingine ziliongezwa. Tutakwenda kwanza kwa serikali ya kijiji kuomba ruhusa na mtu wa kutuonyesha. Ikiwa kati ya wasomaji yuko aliyekaa Lugufu, au akaaye sasa Kazuramimba au Uvinza, naye ajua kama makaburi ya Wakongo yangali yaonekana, twamwomba amweleze paroko wake, naye amfikishie habari paroko wa Uvira, kabla ya mwezi wa Juni. Mama ameuliza mara mbili kama jibu limekuja.