Lesi ya Biharusi na Jumapili Yetu ya Mumbai

Tangu mlipoona picha mmekuwa mkituuliza: mtu akienda Mumbai kununua vitambaa, kuna wapi pa kutembea? Tutawaambia, ila na lililotukuta huko tutalisema.

Sisi ni mafundi wa Mogitu, chini ya mlima Hanang, barabara ya Babati kwenda Singida. Bahari kwetu ni ya kusimuliwa. Tulisafiri watatu: mawifi wawili wenye cherehani, na kaka, ambaye kwa mmoja wetu ni ndugu na kwa mwingine ni mume, kwa hiyo suala la maharimu liliisha mapema. Mkobani tulikuwa na hela za mabiharusi wanne. Hela za watu ni amana, tulilala nazo kiunoni.

Vitambaa viko Mangaldas, soko lenye paa na vichochoro vyembamba, jirani na soko la Crawford na Msikiti wa Ijumaa. Unakaa, muuzaji anakukunjulia majora mpaka unasahau ulichofuata. Bei anaibonyeza kwenye kikokotoo, unafuta, unabonyeza yako, anashika kichwa kama umemfiwa. Bembelezeni, ndiyo soko lenyewe.

Jumamosi usiku tukapima upya hotelini. Lesi ya shanga ya biharusi wetu wa Katesh, tuliyolipia mita 8, ilikuwa mita 6 na robo. Tukapima mara tatu. Na Jumapili Mangaldas hufungwa.

Shetani hachelewi. Tukaanza kuhesabu: sketi ikipunguzwa upana kwa nyuma, halafu shela ikaachwa ndefu, nani atajua? Katika sisi wawili hakuna aliyesema hapana. Tukalala.

Asubuhi kaka akasema hakuja India kutazama dari, tutoke. Tukaanzia Lango la India, pale ufukweni. Ni lango kubwa la mawe, lilikamilika 1924 kukumbuka ujio wa Mfalme George V mwaka 1911, na mwaka 1948 askari wa mwisho wa Kiingereza waliondokea hapohapo. Mkabala ni hoteli ya Taj Mahal, ya tangu 1903. Tuliitazama kwa nje. Bei ya chai hatukuthubutu kuulizia. Kuna boti za kwenda kisiwa cha Elephanta kwenye mapango ya masanamu. Hatukwenda.

Mchana tukaenda Haji Ali, na kama mna nafasi ya mahali pamoja tu, nendeni hapo. Ni msikiti mweupe na kaburi juu ya kisiwa kidogo, na njia yake ni tuta jembamba katikati ya bahari. Maji yakijaa, njia inafunikwa. Nyie wa Unguja maji kujaa na kutoka mmekua nayo. Sisi tulipoambiwa tusubiri barabara itoke majini tulidhani tunataniwa. Tukakaa kwa pembeni na bisi zetu tukaiona inatoka kweli.

Husimuliwa kuwa Haji Ali alikuwa mfanyabiashara tajiri wa Bukhara aliyegawa mali yake kabla ya kwenda Makka. Tuliposikia hivyo hatukutazamana.

Kuna miaka wanawake walizuiwa kuingia chumba cha kaburi. Wanawake wenzetu wa Kiislamu wakaenda mahakamani, na 2016 Mahakama Kuu ya Bombay ikaamua waruhusiwe. Novemba mwaka huo wakaingia. Tunajua suala la wanawake na makaburi lina maneno mengi, muulizeni sheikh wenu. Sisi tulitoa salamu, dua tukamwomba Allah peke yake, tukatoka tukakaa kwenye mawe nje.

Ndipo mmoja wetu akamwambia mwenzake, bila kumtazama: "Wifi, ile sketi mimi siikati."

"Hata mimi."

Jioni tukatembea Marine Drive, ile barabara ya ufukweni iliyopinda. Taa zikiwaka inafanana na mkufu. Tulikula mahindi ya kuchoma yenye ndimu na pilipili, tukacheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Jumatatu muuzaji alikana. Karatasi yake ilikuwa na jumla tu, mita hazikuandikwa. Kwa hiyo chukueni futi yenu, pimeni palepale kabla ya kutoa hela, na mita ziandikwe. Tukanunua mita 2 duka jingine kwa hela yetu tuliyotenga ya vifungo na zipu. Rangi ilikaribia, haikulingana; ukiitoa juani utaona.

Tukampigia biharusi wetu, tukamweleza yote, hata hesabu zetu za Jumamosi usiku. Akanyamaza, tukadhani simu imekatika. Halafu akasema ile nyingine tuiweke kwenye mikono, na akauliza kama ile barabara inayozama tuliipiga picha.